Mama Desibeli na Kwaya ya Mumewe

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Mamlaka ya Mazingira, afisa wetu wa kelele anastaafu. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mama Desibeli, kwa kile kizio cha kupimia sauti. Kwa kuwa ofisini nakaa mapokezi, mlango wa pili kutoka kwake, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, nimeambiwa niandike mimi.

Alianzia kitengo cha maji, kazi yake kuchota maji machafu ya viwandani. Siku moja aliweka chupa ya maji ya kiwanda cha rangi kwenye friji ya ofisi. Mkurugenzi wa wakati ule akaingia na kiu yake, akajimiminia glasi. Mungu ni mwema, alinusa kwanza. Wiki iliyofuata mwenzetu akahamishiwa kelele, ambazo hazihitaji friji.

Huko ndiko alikong'ara. Wenye baa, wenye mashine za kusaga, wauza dawa za panya na vipaza sauti vyao, wote wanamjua. Hakupima langoni kama wengine. Aliingia hadi chumbani kwa mlalamikaji, akakaa kitandani, akapima pale mtu anapoweka kichwa. Mwenye baa mmoja alipolia kwamba anaharibiwa biashara, alimwambia muziki wake ni mzuri sana, hata vikombe vya jirani vinaucheza kabatini.

Kisha likaja lalamiko moja mezani kwangu. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye chumba chake kimepakana na ukuta wa kanisa letu, alikuwa halali mchana kwa mazoezi ya kwaya. Nusura ampe mgonjwa dawa ya mwingine kwa usingizi. Na mwalimu wa kwaya ni nani? Mume wa Mama Desibeli.

Nilipomwambia, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akachukua kipimo chake. Sijui kama aliomba. Mimi nilimwombea.

"Mama watoto," mumewe alimuuliza jioni ile, "sasa umefika kumpima Mungu?"

"Mungu simpimi, baba. Napima spika zako."

Amri ikatoka: spika zishushwe, mazoezi yahamie mbali na ukuta ule. Jumapili iliyofuata benchi letu lilibaki na nafasi ya mtu kujinyoosha. Wazee wa kanisa walimsalimia kama dereva anavyomsalimia askari wa barabarani. Nyumbani mumewe akawa anamwita Afisa: Afisa, nisogezee chumvi. Siku moja nilimkuta anafuta machozi kwenye korido ya ofisi. Akaniambia, "Nikiifuta hii amri, dada, yule wa baa nitamtazama na uso gani?"

Hakuifuta, wala kwaya haikuitii. Mumewe akaona aende mwenyewe kwa muuguzi kumbembeleza aondoe lalamiko. Muuguzi hakubishana naye. Alimkalisha kitandani, ng'ambo ya ukuta kwaya ikiendelea bila mwalimu. Baba wa watu akakaa, picha zinatikisika ukutani, mpaka wimbo ukaisha. Alirudi kanisani, akashusha spika kwa mkono wake. Na Jumapili, sauti za spika zikiwa chini, ndipo tukagundua kwamba sauti ya tatu miaka yote ilikuwa inaimba maneno mengine kabisa. Mungu anisamehe, nilicheka katikati ya sala.

Muuguzi sasa analala. Benchi limejaa. Mazoezi nayo mumewe aliyahamishia sebuleni kwao, kila alasiri, Mama Desibeli akiwa huku kazini. Kuanzia tarehe moja hatakuwa huku. Nimemuuliza mwanasheria wetu, anasema sheria inamlinda jirani tu, mke haijamtaja.

Dada yangu, asante kwa kutufundisha kukaa kwenye kitanda cha mwingine kabla ya kusema hakuna kelele. Mungu akupe afya, wajukuu na masikio ya subira. Pumzika vizuri. Na wanakwaya wakikuzidi, njoo mapokezi ulalamike. Nitakurusha foleni.