Jicho la Jikoni: Mama Evelina Aaga Mv. Furukombe

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1998, Mama Evelina Kashindye atakuwa ametimiza miaka ishirini na minne jikoni mwa Mv. Furukombe, boti yetu ndogo inayowapeleka wageni kisiwani Rubondo kutazama wanyama na ndege. Siku hiyo anastaafu. Mimi ni mwongoza wageni wa boti hiyo, na nakiri mapema kwamba ugali wangu nimeula kwa mgongo wake.

Aliajiriwa mwaka 1974 akitokea kwao Usagara, enzi boti ikiwa mali ya shirika la umma. Juma la kwanza alitapika kuliko abiria wote. Juma la pili akaanza maswali: kwa nini furukombe hurusha kichwa nyuma anapolia? Kiboko hulala saa ngapi? Fisi maji huwaficha wapi watoto wake? Nahodha alimjibu mawili matatu, mengine akamwambia awaulize wanyama wenyewe. Tulicheka. Yeye akaanza kuwatazama.

Mwaka 1993 boti iliuzwa kwa kampuni binafsi, na meneja mpya, Bwana Faisal, akabandika orodha ya watakaopunguzwa kazi. Jina la Mama Evelina lilikuwa la kwanza. Wageni wangekula mikate ya kufungwa kutoka mjini. Safari iliyopangwa kuwa yake ya mwisho ilibeba mawakala watano wa utalii kutoka Arusha, waliokuja kupima kama tunastahili kuletewa wageni.

Walitaka kumwona nzohe, yule swala wa majini. Kwa saa tatu niliyakagua mafunjo kwa darubini mpya hadi shingo ikauma, nisione hata mkia. Mawakala wakafungua magazeti. Ndipo Mama Evelina, mikono imejaa magamba ya sato, akachungulia kutoka jikoni: “Venant, baba, mbona unatafuta mbali? Huyu hapa chini, kabakiza pua tu.” Akarudi kwenye kikaango chake.

Kweli, nzohe akiogopa hujizamisha, akaacha pua juu. Mimi nilikuwa natafuta miguu minne. Mawakala walikimbilia upande mmoja, boti ikainama. Kabla hatujatia nanga Mwanza, Bwana Faisal, aliyesafiri nasi, alikuwa amelifuta jina la Mama Evelina kwenye orodha. Niliona aibu, lakini furaha ilizidi.

Mwaka 1996 alipewa barua ya kuwa mwongoza wageni msaidizi. Alishukuru, akaihifadhi kabatini karibu na chumvi, akaendelea kupika.

Mwezi uliopita Bwana Faisal mwenyewe alimwomba abaki mwaka mmoja zaidi. Alikataa kwa adabu. Alisema miaka yote hii hajawahi kumtazama mnyama hata mmoja hadi mwisho, maana kila mara sufuria ilimwita. Anataka kujua nzohe akishatoka majini huelekea wapi. Jumamosi ya tarehe 9 Januari atapanda kama abiria, kiti cha mbele.

Mama Evelina, asante kwa sato na kwa macho yako. Nyumba yako ya Buswelu ikupe afya na raha tele. Na Jumamosi hiyo, hata sufuria ikiungua, usiinuke.

Venant Shimba