Shangazi wa Vivinjari Vitatu

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia nyumba yetu ya uchapishaji kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa sehemu kubwa ya muda huo amekuwa mhakiki mkuu wa vitabu vya shule. Kwa muda wote amekuwa shangazi wa kila mtu, na hakuna aliyewahi kumwomba awe. Hata mkurugenzi humwita hivyo, na akiitwa mezani kwa Shangazi huingia kama mtoto aliyevunja sahani.

Kwa wageni wa hafla hii wasioijua kazi ya uhakiki, ni hivi: mwandishi anaandika, mchoraji anachora, halafu Shangazi anauliza, "Mmejuaje?" Basi. Ndiyo kazi yote. Lakini jaribuni kuulizwa swali hilo kila siku na mtu asiyepepesa macho.

Alianza enzi za mashine za chapa, wakati elimu yote ya ofisi hii ilikaa kwenye kabati moja la ensaiklopidia, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Intaneti ilipoingia, wenzake waliipokea kama televisheni ya bure. Shangazi aliitazama kama kabati ambalo mtu ameng'oa mlango, akaenda kumuuliza fundi wa kompyuta nani anahusika na jambo hilo.

Tangu siku hiyo, suala la kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, kwake halijawahi kuwa dogo. Sisi wengine tunatumia kile tulichokikuta kwenye kompyuta. Mkurugenzi hadi leo hajui kwamba vipo zaidi ya kimoja. Anadhani intaneti ndiyo ile alama ya bluu. Mhasibu hufungua kila kitu kwenye dirisha la siri, lile lisiloacha kumbukumbu, hata hali ya hewa, na amefanikiwa kutufanya sote tuamini kwamba ana tatizo kubwa. Shangazi alichagua kivinjari kama watu wengine wanavyochagua mkwe. Kilipotoka kipya alikipa wiki ya majaribio na kukiuliza maswali ambayo majibu yake tayari anayajua. Kimoja kilifukuzwa kabla ya chakula cha mchana kwa kosa la kumkisia anachotaka kuandika. "Nimegusa herufi tatu tu," alilalamika ukumbini, "kimeshanimalizia sentensi! Mume wangu nimekaa naye miaka yote hii, hajathubutu."

Vilivyopita mtihani vilikuwa vitatu, na kila kimoja alikipa cheo. Kulikuwa na kivinjari cha kazi, cha nyumbani, na cha ugomvi. Cha kazi hakikuruhusiwa kujua kwamba ana familia. Cha nyumbani hakikuruhusiwa kujua kwamba ana kazi. Cha ugomvi ndicho alichotumia kuandikia malalamiko kwa watu wa maji, na kubishana na mashabiki wa mpira asiowajua, ambao hadi leo wanaamini kwamba wanatukanwa na kijana wa miaka ishirini.

Mpango huo ulivunjika mara moja tu. Asubuhi moja alikosea dirisha, na maneno yaliyokusudiwa shabiki mmoja yakaenda kwa mwandishi wetu wa kitabu cha jiografia, profesa mzima: "Huu ni upuuzi mtupu. Nenda ukalale, ukiamka uje na hoja." Profesa alijifungia wiki nzima. Halafu akaleta sura ya mito ikiwa imeandikwa upya kutoka mwanzo, pamoja na shukrani kwa kuwa, alisema, hajawahi kupata mhariri mkweli namna hiyo. Shangazi alisoma sura ile, akaiona nzuri, akaamua kwamba hakuna haja ya kumsumbua mtu wa watu na maelezo.

Mapendeleo yake mengine yanajulikana kuanzia getini. Herufi alizikuza mpaka skrini nzima ikawa na sentensi nne, kwa hiyo yeyote aliyepita ukumbini alijua Shangazi anasoma nini, na baadhi yetu tulipunguza mwendo. Skrini nyeusi hakuitaka: kusoma gizani, alisema, ni kazi ya wezi. Kivinjari kikimwuliza kama kimtunzie nywila, alikijibu kwa sauti, "Wewe ni nani kwangu?" Na zile taarifa za vidakuzi, vifaili ambavyo tovuti hutumia kukufuatilia, ambazo sisi sote tunazikubali bila kusoma ili zituondokee, yeye alizisoma. Zote. Mpaka chini. Kisha akakataa. Tovuti moja haikuwa na kitufe cha kukataa. Alizima kompyuta, akachukua mkoba, akaenda maktaba kwa miguu kutafuta jibu lilelile.

Tukicheka, tucheke tukijua tunamcheka nani. Ni Shangazi aliyesimamisha mtambo wa uchapaji kwa sababu ya buibui wa kitabu cha sayansi aliyekuwa na miguu sita. Mchoraji wetu alijitetea kwamba miwili imejificha nyuma. Shangazi alimtaka amwambie buibui aitoe. Mchoraji bado ana kinyongo, lakini watoto wa nchi nzima wamehesabu miguu minane, na hakuna mwalimu aliyetuandikia kulalamika.

Sasa tufike kwenye vichupo, kwa sababu ndivyo vilivyokaribia kuiharibu hafla hii.

Kila mtumiaji wa kivinjari anazijua zile kurasa zinazopangana juu ya skrini, moja kando ya nyingine, mpaka zinabanana na majina yake hayasomeki. Mtu wa kawaida huzifunga. Shangazi hafungi. Kanuni yake ni kwamba ukurasa hufunguliwa kwa sababu ya swali, na hufungwa swali likijibiwa. Lisipojibiwa, ukurasa unabaki, hata mwaka upite, hata kompyuta ianze kuhema kama mgonjwa wa pumu. Fundi alimshauri mara nyingi aziweke kwenye alamisho, azipate siku akizitaka. "Alamisho ni makaburini, mwanangu," alimjibu. "Nani anarudi huko kwa hiari?"

Fundi naye si mtu mbaya. Ana kazi ya kuhakikisha mashine za ofisi zinapumua, na ya Shangazi ilikuwa haipumui. Mchana mmoja, Shangazi akiwa kwenye chakula, aliiwekea toleo jipya la kivinjari, na vichupo vyote vikapotea. Shangazi aliporudi hakupiga kelele. Alibeba kiti chake, akakiweka katikati ya chumba cha fundi, akakaa. Fundi alipomwomba apishe, alifungua mkoba akamwonyesha chupa ya chai. "Mimi nina nafasi," alisema. "Wewe endelea." Jioni vichupo vilikuwa vimerudi. Siku iliyofuata kwenye kompyuta yake kulibandikwa karatasi: USIGUSE. Chini yake, kwa herufi ndogo: wewe hasa.

Basi mwezi huu ukaja utaratibu wa kustaafu. Mstaafu hurudisha vifaa, fundi huikagua kompyuta, na ikiwa safi hutia saini. Bila saini ya fundi makabidhiano hayajakamilika, na bila makabidhiano faili la mafao haliondoki ofisini. Kila mtu amepitia hapo; dereva wetu wa zamani alimaliza kwa muda wa kunywa chai. Shangazi aliahirisha mara ya kwanza, akaahirisha ya pili, na ilipofika ya tatu tukaanza kunong'ona. Mkurugenzi alimpa hadi Alhamisi, akakimbilia kikaoni kabla hajajibiwa.

Jumatatu fundi alimfuata mezani. Walizungumza mlango ukiwa wazi, na ni unafiki kusema kwamba hatukusikiliza.

"Shangazi, nikisaini mashine ikiwa hivi, mkaguzi ataninyonga."

"Kwa hiyo unataka nifunge."

"Funga tu. Ni kubofya pale kwenye msalaba. Nitakusaidia."

"Miaka yote nimewakatalia watu kufunga sura ambayo ina swali ndani. Leo kwa sababu ni mimi, niruhusu?"

"Lakini Shangazi, unakwenda nyumbani! Maswali ya nini?"

 Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitambaa chake, akaivaa tena na kuendelea kusoma. Fundi alisimama kidogo, kisha akarudi chumbani kwake, na siku nzima hakumtania mtu. Ndipo tulipoelewa kwamba hawa wawili hawagombani. Mmoja anaogopa kupoteza kazi, na mwingine anaogopa kwamba ameimaliza. Mafao ya miaka thelathini na mmoja yangekwama hapo, kati ya watu wawili wanaopendana.

Jumanne asubuhi Shangazi alisimama mlangoni mwa chumba cha wahariri. "Nani anataka swali?"

Hatukumwelewa. Akamwita mchoraji, akamkalisha kwenye kiti chake, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamfungulia ukurasa: kwa nini heroe, yule ndege wa rangi ya waridi, husimama kwa mguu mmoja. Wataalamu wana maelezo matatu na hawakubaliani. "Hili lako," alimwambia. "Wewe na miguu mna kesi ya zamani." Sharti lilikuwa moja. Unaufungua ukurasa kwenye mashine yako kwanza, unarudi, unaufunga wa kwake kwa mkono wako mwenyewe, na ni marufuku kuuweka kwenye alamisho.

Hivyo ndivyo siku mbili zilivyokwenda. Dereva wetu wa sasa alipewa swali la nani aliamua magari yapite upande gani wa barabara. Mhasibu alipewa kwa nini sarafu nyingi ni za duara. Alilifungua kwenye dirisha la siri, Shangazi akamrudisha akaanze upya. Mkurugenzi alipewa nzige: wanajuaje waende wapi wakati hawana mkubwa. Alicheka, akaondoka nalo, akarudi mlangoni baada ya muda. "Shangazi, hili ulinichagulia?" Shangazi alimwambia arudi kazini. Watu wa stoo walikuja, walinzi wakaja, na wengine ambao hawajawahi kutumia kivinjari kwa jambo lolote zaidi ya matokeo ya mpira walitoka na swali mkononi, wakitembea taratibu kama waliobebeshwa mtoto wa mtu. Fundi pekee ndiye aliyekataa. "Mimi nimeajiriwa kufunga," alisema.

Alhamisi, karibu na muda wa kufunga ofisi, fundi alikwenda na kalamu yake. Kompyuta ilikuwa imetulia kabisa, hata feni yake haisikiki. Kivinjari cha nyumbani kilikuwa kimeondolewa. Cha ugomvi nacho, baada ya ujumbe mmoja wa kuwaaga mashabiki ambao hatuwezi kuuchapisha hapa. Kwenye cha kazi kulibaki kichupo kimoja, na hakikuwa na kitu ndani. Ukurasa mweupe, na kile kistari kinachowaka na kuzimika mahali pa kuandika.

"Huu hauna kitu," fundi alisema.

"Ulikuwa na kitu. Niliufungua nikitaka kuuliza jambo, halafu simu ikalia, au mtu akaniita. Sikumbuki."

"Lini?"

"Zamani."

Kila mmoja wetu ameshafungua ukurasa mpya na kuukodolea macho bila kujua alifuata nini. Tunacheka, tunaufunga. Yeye alikuwa ameutunza, kila akiwasha mashine ameukuta, na amesubiri swali lirudi. Maswali mengine yote alikuwa amepata wa kuyalea. Hili hakuweza kumpa mtu, kwa sababu hakuwa nalo. Alishika kipanya, akakipeleka mpaka kwenye msalaba, mkono ukasimama pale. Sisi tuliokuwa mlangoni tuliangalia viatu vyetu.

Fundi akainama, akaisoma skrini yote, juu mpaka chini, kama Shangazi alivyokuwa akisoma taarifa za vidakuzi. "Kanuni inasema mashine iwe safi," alisema. "Shangazi, umewahi kuona ukurasa safi kuliko huu?" Akaweka fomu mezani, akatia saini, akapuliza wino ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida tu. Shangazi alimwambia ana mwandiko mbaya. Halafu akamshika shavu, na mwanaume yule mwenye kitambi na watoto wanne akaondoka haraka akisema anaitwa, wakati hakuna aliyemwita.

Faili la mafao limeshaondoka. Kompyuta imekabidhiwa kwa kijana wa kike anayerithi meza hiyo, ambaye ameombwa aandike maneno haya, na ambaye fundi amemwonya kwa ukali kwamba aguse chochote isipokuwa kile kichupo.

Shangazi, kwa buibui, kwa mito, kwa kila mara uliyotuuliza tumejuaje nasi tukagundua kwamba hatukujua, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda ukapumzike. Mume wako tunamtakia uvumilivu. Wewe tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na wapinzani wa mpira wenye hoja dhaifu. Na siku ukiwa jikoni au bafuni, ukakumbuka ulichotaka kuuliza, usingoje kukuche: piga simu ofisini, useme swali tu. Ukurasa uko wazi, na kuna mtu amekaa mbele yake.