Chai ya Bi Amisa na Risasi za Vusumuzi

Bi Amisa Mabaso anastaafu Ijumaa hii, tarehe 13 Desemba 2019, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Kampuni ya Uhamishaji Njia Panda, hapa Marshalltown, Johannesburg. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na nusu wa kijarida chetu na kuniomba niandike kwa ufupi na kwa heshima. Kwa upande wa heshima nitajitahidi.

Kwa wageni waalikwa wasioijua kazi yetu: tunahamisha vyombo vya watu wanaokwenda Lusaka, Lubumbashi, Dar es Salaam na kwingineko. Makochi na majokofu hayatusumbui. Kinachotusumbua ni kwamba katika jiji hili watu wengi hulala na bunduki kabatini, na siku ya kuhama huizungushia taulo na kuitia kwenye kasha la vyombo vya jikoni, wakiamini kwamba nchi nne zitaona sufuria tu. Dawati la Bi Amisa liliwekwa kwa ajili ya watu hao.

Sheria za silaha hazina utani. Kila nchi ina yake, na kila sheria inajiona iko peke yake duniani. Kibali cha kutoka hapa kinasubiri kibali cha kuingia kule, na kibali cha kule kinasubiri leseni ya kule. Njiani ziko Zimbabwe na Zambia, ambazo nazo hutaka kuombwa ruhusa hata kama bunduki inapita imelala ndani ya sefu. Risasi nazo zina mambo yake: ziwe za bunduki hiyo hiyo, zisizidi idadi iliyoruhusiwa, zifungiwe kwenye kasha lake mbali na bunduki. Bi Amisa aliyajua haya yote, na hakuona sababu ya kumficha mtu kwamba anayajua.

Alikuwa na desturi moja. Bunduki ikipata vibali vyote, mteja aliambiwa akiwa amesimama pale pale mlangoni, asaini aende zake. Ikikataliwa, Bi Amisa alimkaribisha kiti, akachemsha chai ya tangawizi, akatia sukari bila kuuliza, akasubiri mgeni anywe nusu kikombe ndipo amweleze. Baada ya miaka michache habari zilikuwa zimefika hadi Randburg. Namkumbuka mzee mmoja wa Kikongo, mlinzi mstaafu, aliyeliona birika likiwekwa kwenye jiko akainuka na kusema, "Eish, Mama, miye sinywi," akidhani asipokunywa bastola yake itaruhusiwa. Alikunywa, na bastola ilibaki.

Ndiyo maana alipotangaza mwezi wa Machi kwamba akistaafu anarudi kwao Morogoro, hakuna aliyeuliza habari za makochi yake. Sote tulijua kwamba nyumbani kwake kuna bunduki ya uwindaji ya marehemu mumewe, kitu cha mwisho cha thamani alichomwachia. Swali lililozunguka ofisini mwaka mzima lilikuwa moja tu: itakwenda, au italetewa chai?

Mzee Vusumuzi Mabaso alikuwa Mwafrika Kusini aliyekimbilia Tanzania enzi za ukombozi. Alikutana na Bi Amisa Morogoro, akajifunza Kiswahili kwa ajili yake, na mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaja huku pamoja wakapata nyumba Turffontein. Ujanani alifundishwa vita, uzeeni akanunua bunduki ya uwindaji, na kwa taarifa tulizo nazo hakuwahi kupiga hata ndege. Alichopenda ni kuvua samaki katika mto Vaal. Jumamosi asubuhi alibeba mshipi wake na mfuko wa vipande vya risasi vya kuzamishia ndoana, vile ambavyo watu wa pwani huviita chubwi, akawaaga majirani wanaojua Kiswahili: "Naenda kupiga risasi." Alirudi na samaki wadogo, na wiki iliyofuata akarudia utani ule ule.

Utani wenyewe ni wa lugha yetu, ambayo imeyapa jina moja yale madini mazito na kile kinachotoka kwenye mtutu. Mwaka 2016 tuligundua kwamba utani huo unaweza kuwa kesi.

Mwaka huo Bi Mwanaasha, fundi wa mapazia wa Rosettenville, alihamia Dar es Salaam na vitu vyake vyote, pamoja na kilo nne za vipande vya risasi vinavyoshonwa kwenye pindo ili pazia lianguke vizuri. Orodha ya mizigo iliandikwa na Évariste, mpakiaji wetu kutoka Lubumbashi. Kwao vipande hivyo vina jina la Kifaransa, lakini kwa kuwa mzigo ulikuwa unakwenda Tanzania, Évariste alitaka kuandika Kiswahili safi, akafungua kamusi. Akaandika: risasi, kilo nne. Bi Amisa alipoipitia orodha alikuwa ameshaviona vipande vile kwa Bi Mwanaasha, na nyumbani kwake neno hilo lilinuka samaki kuliko baruti. Akagonga muhuri. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumrudisha mteja nyumbani kwa herufi moja katika namba ya bunduki.

Pale Tunduma, mpakani mwa Zambia na Tanzania, ofisa alilisoma neno lile kama ambavyo Mtanzania yeyote mwenye sare angelisoma. Lori likashushwa mizigo yote juani. Vipande vya mapazia vilipopatikana, mkubwa wa zamu alihitimisha kwamba mtu anayeandika risasi halafu akaonyesha vitu vya mapazia, basi risasi zenyewe amezificha vizuri sana. Dereva wetu Ignace, Mkongo wa Bukavu, akawekwa ndani.

Huku ofisini Évariste alizunguka meza akijitetea. "Ile haiko masasi, Mama. Masasi njo ya bunduki. Miye niliandika risasi, ya rido." Kwa Kiswahili cha kwao, ambako za bunduki ni masasi na pazia ni rido, alikuwa sahihi kabisa, jambo ambalo halikumsaidia Ignace hata kidogo. Bi Amisa hakumgombeza. Alichukua muhuri wake, akautia kwenye mkoba, akaenda kupanda ndege.

Yaliyotokea huko tulisimuliwa na Ignace mwenyewe. Bi Amisa aliomba mkasi, akafumua pindo la pazia moja mbele ya mkubwa wa zamu, akamwekea kipande kiganjani. Kisha akatoa muhuri na kuugonga kwenye karatasi tupu, ukalingana na ule wa kwenye orodha. "Afande, huyu dereva hajaandika wala hajagonga," alisema. "Aliyegonga ni mimi. Kama kuna wa kulala ndani leo, ni mimi." Afande aliutazama muhuri, akamtazama yeye, akamwita askari na kuagiza chai. Bi Amisa, ambaye hakuwa ametetereka tangu Johannesburg, akashika ukingo wa meza. Kikombe kilipoletwa alikunywa nusu, akakiweka chini, akaingoja hukumu. Haikuja. Ilikuwa chai tu. Jioni ile Ignace alikuwa barabarani kuelekea Mbeya.

Kuanzia wiki iliyofuata neno risasi lilipigwa marufuku katika orodha zetu, isipokuwa kwa zile za bunduki. Za mapazia zikawa "vizito vya pazia". Évariste aliandikiwa waraka wa peke yake, na kamusi ikahamishiwa kwenye droo ya Bi Amisa, ambako nadhani ipo mpaka leo.

Mzee Vusumuzi alifariki mwaka uliofuata. Sheria haimruhusu mjane kurithi bunduki kama anavyorithi kabati, kwa hiyo Bi Amisa aliomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Alikwenda darasani, akaenda pia uwanja wa shabaha, akafaulu. Karatasi yenye matundu yake aliitundika juu ya birika, na wateja waliokuja na nia ya kubisha walikuwa wakiitazama kwanza.

Mwaka huu akawa mteja wa dawati lake. Alijaza fomu zake, akajirudishia mara mbili kwa makosa madogo, ndipo akazituma. Majibu yakawa yale yale aliyowasomea wengine miaka yote: huku walitaka kibali cha kule, na kule walitaka kwanza awe mkazi mwenye leseni. Barua ya mwisho ilifika asubuhi moja mwezi wa Novemba akiwa hajaingia kazini, nami nikaifungua kwa kuwa iliandikiwa kampuni. Alipoingia alinikuta nimesimama kando ya jiko na tangawizi mkononi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani. "Weka sukari, Violeth," akasema. Ile barua hajaisoma hadi leo.

Kuiuza alikataa, na sisi tunaozijua njia za panya hatukuthubutu kuzitaja mbele yake. Wiki iliyopita nilimpeleka kituo cha polisi kuikabidhi. Mwezi huu serikali imetoa msamaha kwa wanaorudisha silaha zisizo na leseni, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu, na Bi Amisa, ambaye leseni yake iko hai, alihakikisha kila aliyepanga foleni amelijua hilo. Alimkumbusha askari aangalie kwanza kama chemba ni tupu kabla ya kuipokea. Aliipapasa kitako mara moja, akasaini. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, alilia. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, nami sikuondoa gari mpaka alipomaliza.

Mizigo yake inaondoka Jumatatu. Dereva ni Ignace, aliyeiomba safari hiyo kabla haijatangazwa, na Bi Amisa atakaa naye mbele. Bunduki haimo. Umo mfuko wa Mzee Vusumuzi, na vipande vyake vyote vya kuvulia, ambavyo Bi Mwanaasha ameahidi kuvishona kwenye mapazia ya nyumba ya Morogoro. Évariste alipoufikia mfuko huo katika kuandika orodha, aliweka kalamu chini na kukataa kuendelea. Mimi nilishauri tuandike chubwi, au vizito, au chochote kitakachomvusha Ignace salama. Bi Amisa aliichukua kalamu akaandika kwa mkono wake: risasi za Vusumuzi, za kuvulia samaki. Alisema marehemu mwenyewe ndivyo alivyoziita, na kwamba safari hii mtu wa kueleza atakuwepo. Akagonga muhuri kwa mara ya mwisho, akaufuta wino, akanikabidhi. Ignace aliisoma orodha mara mbili, kisha akaomba mfuko huo uwekwe karibu na mlango wa lori.

Bi Amisa, wafanyakazi wote wa Njia Panda tunakushukuru kwa miaka yako, kwa ukali wako, na kwa kwenda Tunduma. Ijumaa kutakuwa na pilau, soda na keki. Kamati imekubaliana kwamba birika lisiguswe siku hiyo. Nenda salama, mapazia yako yaanguke vizuri, na kila chai utakayoletewa huko uendako iwe chai tu.

Violeth, Dawati la Wateja