Mgeni wa Darasa la Mazishi

Ndugu, jamaa, majirani, wachungaji wetu, nanyi nyote mliotoka mbali na karibu kuja kumsindikiza mama, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi kusoma bila kuongeza chumvi, ingawa mwenyewe alikuwa hodari wa kuiongeza.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkewe, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akaipenda kupita kiasi, na akaiacha mwaka 1965 pale bibi alipopooza, ikabidi apatikane mtu wa kumuuguza, macho yote yakamwangukia yeye. Hakuwahi kulalamika mbele yetu, lakini kila asubuhi tulipovaa sare alisimama mlangoni akitutazama mpaka tunapotelea kwenye kona, na viatu vyetu alivipiga kiwi kwa mkono wake.

Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, upande wa kukanda unga, zamu ya alfajiri, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, aliyetutangulia mwaka 2011, nao wakajaliwa watoto watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume, mnaowaona pale mbele wakijifanya hawalii.

Baba ndiye aliyeleta habari ya seminari. Alikuwa amekwenda kuziba bomba la jikoni kwao, akarudi jioni akasema kwamba majirani wanaruhusiwa kuingia darasani kama wageni, bila mtihani wala cheti, mradi wakae nyuma na wasisumbue. Mama aliuliza kama ruhusa hiyo ni ya wanawake pia, akauliza tena wakati wa kula, na Januari 1989 akaingia kwa mara ya kwanza darasa la huduma za kichungaji, mchana baada ya zamu, unga ukiwa bado kwenye nyusi, akakaa benchi la nyuma kando ya dirisha lisilofungika, na hakuna aliyeweza kumtoa tena. Jioni alitumwagia mezani yote aliyoyasikia, baba akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nasi tukisubiri amina ili tule. Natamani sana jioni moja tu kama zile.

Sasa, mgeni hapewi alama wala zoezi, na hilo lilimuuma, mpaka mwalimu wa darasa alipomtafutia kazi. Wanafunzi walipaswa kujifunza kuongoza mazishi, na miaka yote walikuwa wakizika meza tupu, mwalimu akahofu kwamba aliyezoea kuzika meza atakuja kuzungumza na wafiwa kama meza, hivyo akamwomba mama alale pale juu, afunikwe shuka, awe marehemu. Mama alikubali kabla mwalimu hajamaliza kusema, akaendelea kuwa marehemu wa kila mwaka mpaka miguu ilipokataa kupanda meza. Kwa kuwa alikuwa ameamka alfajiri, akilala tu usingizi ulimbeba, na yupo mchungaji hapa, leo ana mvi, aliyeongoza ibada nzima marehemu akikoroma, akapewa alama za juu kwa kutocheka. Vijana wa seminari wakikutana naye sokoni walimwamkia, shikamoo Marehemu, naye aliitikia marahaba kwa raha zake, wauza nyanya wakabaki midomo wazi.

Mwaka 1997 alikuja mwanafunzi ambaye mama alimwita Mrefu. Kijana huyu alikuwa amefiwa na mama yake wakati wa masomo, na alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshafukiwa. Siku yake ya zoezi alisoma vizuri mpaka penye maneno ya kuukabidhi mwili kwa udongo, akakwama, akarudia, akakwama tena, machozi yakimdondokea juu ya shuka. Mama akaketi pale mezani, akamshika mkono, akamwambia kwamba haya ni mazoezi tu, maneno yaliyobaki atamwekea, atakuja kuyamalizia siku mama atakapokuwa marehemu wa kweli.

Mrefu alihitimu, akawa mchungaji, akawa pia mtoto wa nne wa nyumba yetu, lakini mama alijua, nasi tukaja kujua, kwamba katika kila msiba wa usharika wake alifariji watu vizuri sana, na ikifika pale penye maneno yale alimpisha mwenzake.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2021, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena Mei 2023. Mjomba alipendekeza mazishi yaongozwe na mchungaji mwenye sauti nzuri, mama akakataa katakata, akaagiza aitwe Mrefu, naye alipofika wodini akajitetea kwamba hataweza, kwamba atamwaibisha mbele za watu. Mama, akiwa na mrija wa hewa puani, alimjibu, na sisi watoto tulisikia: "Mwanangu, safari hii sitaamka kukusaidia. Kwa hiyo lia kwanza, halafu malizia."

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa za asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani ambao hawakuacha jiko letu lipoe, wenzake wa kiwandani, na seminari, iliyompa benchi mtu aliyekuwa amenyimwa dawati.

Mchungaji, historia yangu imeishia hapa, na maneno yaliyobaki ni yako, yale aliyokuwekea. Marehemu wako yuko mbele yako, leo hakoromi, nasi hatuna haraka, lia kwanza, tutakusubiri.

Mama, pumzika kwa amani, kesho huna zamu ya alfajiri.