Fundi Bundala, Sumaku Zake na Basi Lililonoki Bukene

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Bundala Nkwabi anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya mabasi ya Bwana Navin, hapa Kanyenye, Tabora, kwa miaka thelathini na mbili. Mgongo wake ulistaafu zamani. Mwandishi wa wasifu huu, Paskazia wa stoo, naye amechoka, hivyo msomaji asitegemee mbwembwe.

Alianza kwa kuosha vipuri kwa dizeli, akapanda hadi kuwa fundi injini. Akiwa ameinamia injini, usimpe shikamoo; haitikii mpaka amalize. Wageni walidhani ana kiburi. Hana, ndivyo alivyo tu.

Madereva wa Tabora wanamjua kwa jina la Mzee Sumaku. Alivunja spika mbovu za redio, akatoa sumaku zake na kuzifunga kwa mpira nje ya filta ya oili ya kila basi. Siku ya kumwaga oili, aliikata filta ya zamani kwa msumeno, akapitisha kidole ndani na kutuonyesha tope jeusi la unga wa chuma lililonaswa. Hata wenye maduka jirani walikuja kushangaa. Ikawa desturi yetu: filta haitupwi mpaka ikatwe mbele ya dereva wake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kila alipoliona tope lile, Bundala alizidi kuamini kwamba oili iliyobaki ni safi, akaanza kuchelewesha kuimwaga. Bwana Navin alifurahi. Sote tulifurahi.

Kisha basi la dereva wetu Kornel likanoki karibu na Bukene, injini ikagonga na kufa, abiria wakashinda juani wakitutukana, na kwa haki. Kornel akalaumiwa kwamba alilikimbiza mno. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na habari za kumfukuza zikazagaa karakana nzima. Ana watoto wanaosoma, na nyumba ya kupanga kule Mtendeni. Alikaa getini kwetu kutwa nzima bila kula.

Basi lilipovutwa hadi hapa, Bundala aliikata filta mbele ya bosi na mbele yetu sote. Sumaku ilikuwa imenasa chuma chake vizuri kabisa. Ila oili ilikuwa nzito kama uji, na beringi za krenki zilikuwa zimelika. Akatueleza, kwa sauti ya mtu asiyelala vizuri, kwamba sumaku hunasa chuma tu. Vumbi la barabarani hainasi, masizi hainasi, wala shaba na risasi za beringi; na oili yenyewe huchoka hata ikionekana safi. Kisha akamgeukia Bwana Navin: "Bosi, dereva hana kosa. Mimi ndiye niliyesema oili isimwagwe."

Kornel alirudi kwenye usukani wiki ile ile. Kabla ya hapo Bundala alikuwa akitajwa kuwa ndiye mkuu ajaye wa karakana. Baada ya siku ile hakutajwa tena. Cheo kilikwenda kwa mwingine. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, ingawa mwenyewe hajawahi kulalamika.

Tangu hapo amekuwa akijibu swali moja mpaka swali lenyewe limechakaa. Wauzaji hupita na sumaku za kisasa kwenye maboksi yanayong'aa, na madereva humkimbilia kumuuliza kama zinafaa. Anashusha pumzi, anafuta mikono, anajibu: "Ifunge ukitaka, mwanangu, haidhuru. Itakushikia chuma kidogo. Lakini hela hiyo ungenunulia filta nzuri, na oili umwage kwa wakati wake." Wanatikisa kichwa kukubali, halafu wanakwenda kununua sumaku.

Sasa anarudi kwao Bukene, kulima karanga na kulala mchana. Bwana Navin alitaka kukodi gari la kumpeleka, lakini Kornel amekataa katakata. Atampeleka mwenyewe, siku yake ya mapumziko, na ameshaliosha basi.

Mzee wetu, asante. Nenda salama, ule vizuri, ulale mpaka jua liwe juu. Mlango wa ofisi ya mkuu haukuwahi kuandikwa jina lako, lakini katika miaka yote hii hatujamwona dereva mwenye shida akiubisha mlango ule. Walikuja moja kwa moja kwako.