Azimio la Dutwa Dhidi ya Makaburu

Juni 1976, wiki ile Makaburu walipowapiga risasi wanafunzi wa Soweto, benchi letu pale Dutwa halikukalika kwa hasira. Lilikuwa mbele ya duka la Athumani, tuliyemwita Balozi kwa sababu redio ilikuwa yake, na kahawa pia. Shija, mpima pamba, alikuwa Kilo Mia. Januarius, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alikuwa Azimio. Mimi nilikuwa msikilizaji tu, ila mwandiko wangu ulisomeka.

Taarifa ya habari ilipokwisha, Balozi akapunguza sauti.

— Mmesikia? Umoja wa Mataifa umelaani. Dunia nzima! Kaburu hamalizi mwezi.

— Atang'olewa na nani? akauliza Kilo Mia.

— Na aibu. Dunia nzima ikulaani, usingizi utaupata wapi?

— Hapo kweli. Hata ng'ombe wake watakataa kukamuliwa.

— Na askari wake bunduki zitawalegea mikononi, akasema Azimio. Lakini jamani, dunia haijatimia. Dutwa hatujalaani!

Tukatazamana. Kumbe Kaburu alikuwa anapona kwa uzembe wetu! Azimio akanipa karatasi, nikaandika: "Sisi wananchi wa Dutwa tunalaani vikali kuuawa kwa watoto, na watu kuvunjiwa nyumba na kuhamishwa kwa nguvu."

— Ongeza, tunampa siku saba, akasema Kilo Mia.

Nyanjige, mama mmoja wa kijiji kipya cha ng'ambo ya barabara, alikuwa amefika kununua chumvi.

— Mwadila, mayu, tukamsalimu mama yule kwa Kisukuma.

— Mwadila. Hebu nisomee tena hapo pa kuhamishwa.

Nikasoma, tena kwa madaha.

— Mwaka juzi, kwenye operesheni ya vijiji ya serikali, mimi nilihamishwa. Paa lilishushwa chungu kikiwa jikoni. Lori likapita hapa, nimekaa juu ya magunia, nikawaona hapo hapo mlipo. Mlilaani?

Kilo Mia akachungulia ndani ya kikombe chake. Azimio akakohoa.

— Mayu, yale yalikuwa mambo ya ndani.

— Ndani ya nini, baba? Nyumba si waliibomoa?

Balozi akaingia dukani kupima chumvi, akazidisha. Mimi nilimkumbuka vizuri. Siku ile lori lilipopita na vumbi lake, nilifunika kahawa yangu kwa kiganja.