Dada Yetu na Picha ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, kuwasomea historia ya dada yetu, ambayo yeye mwenyewe aliisahihisha kwa penseli akiwa kitandani, akanionya kwamba nikiruka hata mstari mmoja tusijuane.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952, mtoto wa kwanza kati ya sita wa baba fundi cherehani na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1971, ambako walimu waliandika kwenye ripoti yake kuwa ni mwanafunzi hodari ila mbishi, sifa ambayo leo hatuna haja ya kuikanusha.

Tarehe 1 Februari 1974 aliajiriwa kuwa karani katika chumba cha ndege cha jumba la makumbusho, kazi yake ikiwa kupokea picha zilizotumwa na wananchi, nyingi zina ukungu, zimekata kichwa au zimepigwa kuelekea jua, na kutambua ni ndege gani, hasa wale wanaofanana kama mapacha. Aliangalia kwanza mkia, kisha mabawa, kisha mdomo, na rangi aliiacha mwisho kabisa, kwa sababu jua la jioni humpaka kila ndege wekundu, na aliposhindwa aliandika nyuma ya picha neno moja, sijui, bila kuona haya.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu saba, ambao wote wako hapa.

Mwezi Mei 1994 dereva wa lori alituma picha mbili za ndege mmoja, alizozipiga kwa kufuatanisha kupitia dirishani. Katika ile ya kwanza ndege alikuwa na tumbo jekundu na mkia mnyoofu, na mkuu wa chumba, ambaye tunafurahi kumwona kiti cha mbele, akatangaza kuwa ni tai mgeni ambaye hajapata kuonekana katika nchi hii. Dada alimwambia, bosi, huyo ni mwewe, mwewe huyu huyu anayetumalizia vifaranga, ametandaza mkia ndiyo maana ule mpasuko wa katikati hauonekani, na wekundu huo ni wa jua, hebu itazame picha ya pili. Kesho yake picha ya pili haikuwepo kwenye faili. Mkuu alimwandikia dada barua ya onyo kwa kuipoteza, akamhamishia stoo ya mifupa, alikokaa miaka kumi na mitatu bila kupanda cheo hadi alipostaafu mwaka 2007, huku yule tai akimletea mkuu nishani, kitabu, na jina lake juu ya mlango wa chumba kile kile.

Dereva alikuwa amehama, marehemu akamtafuta kwa barua, mji baada ya mji, hadi Septemba 2013 kipande cha filamu yenyewe, chenye picha zote mbili, kilipofika kwa posta. Alikipeleka makumbusho, akaambiwa suala hilo limekwisha fungwa, na mkuu akamkatiza katikati ya maneno mbele ya watu, akamwambia, mama, nenda kalee wajukuu. Siku hiyo alirudi nyumbani akatuambia kwamba atangoja siku ambayo hakuna mtu atakayethubutu kumkatiza. Hakusamehe, na ametuagiza tusije tukadanganya hapa kwamba alisamehe.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022, akalazwa mara nne, na tarehe 9 Juni 2023, saa tano asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini, akili yake timamu na lenzi yake ya kukuzia picha chini ya mto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuazima viti na kutuchotea maji, na wafanyakazi wenzake wa stoo, ambao hakukosa hata mmoja. Tunamshukuru pia mkuu mstaafu kwa shada lake kubwa. Sasa tunaomba kila mmoja afungue ukurasa wa mwisho wa karatasi aliyopewa mlangoni, pale mlipotegemea kuona sura ya marehemu. Kushoto ni tai wa kitabuni, kulia ni picha ya pili, mkia umefungwa na mpasuko wake unaonekana wazi, na mtazame bawa la kushoto, unyoya ule ule mmoja umekosekana katika picha zote mbili. Chini yake dada ameacha mstari mtupu. Penseli aliyoikuta mkuu juu ya kiti chake ni ya marehemu, tunamwomba aandike hapo ni ndege gani, na akishindwa, neno sijui linaruhusiwa.

Pumzika sasa, dada yetu, umesema hadi mwisho na hakuna aliyekukatiza.